Mlinzi wa Umeme na Maneno Yake Matatu

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Limepigwa chapa ili lisomwe tena darasani baada ya kusikilizwa.

Natumaini mmekwisha kaa, na kila mtu ana kalamu na daftari mbele yake. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu kwa herufi kubwa: NA, AU, SI.

Maneno haya mnayajua. Mliyasoma katika kurasa za kwanza za kitabu chenu. Ni mafupi, na pengine mliyaona madogo. Leo nitawaonyesha kwamba maneno haya matatu, pamoja na namba chache, hulinda maisha ya watu. Mtu akikosea moja, kijiji kizima huweza kulala gizani, au fundi asirudi nyumbani kwake.

MANENO YA LEO

Someni maneno haya pamoja, polepole.

Mkondo: umeme unaopita katika waya. Hupimwa kwa ampea.

Msongo: nguvu inayousukuma mkondo. Hupimwa kwa volti. Volti 1,000 ni kilovolti 1.

Hitilafu: ubovu katika njia ya umeme, kama vile nyaya kugusana au waya kuanguka.

Breka: swichi kubwa inayokata umeme na kuurudisha.

Rilei: chombo kinachoupima umeme na kuiamuru breka ikate.

UMEME UNAKOTOKA

Mfano wetu wa leo tutauweka Lugoba, kaskazini ya Chalinze, katika barabara iendayo Segera. Wengi mnapajua. Mawe ya Lugoba huvunjwa yakawa kokoto, na kokoto hizo hujenga nyumba na barabara. Mashine za kuvunja mawe hutaka umeme mwingi.

Umeme huo hutoka mbali. Kituo cha Hale, katika mto Pangani, kilianza kazi mwaka 1964. Siku hizi ipo pia kazi kubwa zaidi, Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji. Mtambo wake wa kwanza ulianza kutoa umeme mwezi wa Februari mwaka 2024. Lina mitambo 9, na kila mtambo una megawati 235. Zidisheni 9 kwa 235. Mtapata megawati 2,115. Umeme huo husafiri mpaka Chalinze kwa msongo wa kilovolti 400.

Msongo wa kilovolti 400 hauwezi kuingia kijijini. Kwanza hupunguzwa katika vituo vya kupoza umeme. Kisha hupita vijijini juu ya nguzo, kwa msongo wa kilovolti 33 au 11. Mwisho transfoma iliyo karibu na nyumba huupunguza tena, na taa yako hupata volti 230.

Sasa fikiri. Katika safari hiyo ndefu, tawi la mti linaweza kuanguka juu ya waya. Lori linaweza kugonga nguzo. Ndege mkubwa anaweza kugusa nyaya mbili kwa mabawa yake. Hapo mkondo hukimbia kwa wingi mahali usipotakiwa. Waya huwa moto hata ukayeyuka. Transfoma huweza kuungua. Mtu aliye karibu huweza kufa. Nani atakata umeme? Mwanadamu hawezi, maana kabla hajanyanyua mkono mambo yamekwisha haribika. Anayekata ni breka, naye anayeiamuru ni rilei.

MLINZI ASIYEJUA ILA ALICHOANDIKIWA

Rilei ni kama mlinzi wa getini. Hachoki, halali, wala hali hongo. Lakini ana upungufu mmoja: hajui lolote ila lile aliloandikiwa. Ukimwandikia vizuri, atafanya vizuri. Ukimwandikia vibaya, atafanya vibaya kwa utii ule ule.

Rilei za zamani zilikuwa na sahani ndogo ya madini iliyozunguka. Mkondo ulipozidi, sahani ilizunguka, na ilipofika mwisho wa safari yake breka ilikata. Fundi alipanga kipimo kwa kugeuza kirungu kidogo kwa mkono. Rilei za leo nyingi ni kompyuta ndogo ndani ya sanduku. Fundi huandika namba kwa vitufe, au huunganisha kompyuta yake. Hata hivyo kazi ni ile ile, na namba za kwanza anazoandika ni tatu. Namba za mfano huu ni za somo tu, si za laini fulani.

Namba ya kwanza ni ya kipunguza mkondo. Mkondo wa laini kubwa hauwezi kuingia ndani ya rilei, maana utaiunguza. Kwa hiyo hupitishwa kwanza katika transfoma ndogo ya kupimia. Tuseme ni transfoma ya 200 kwa 1. Maana yake, ampea 200 zikipita katika waya, ampea 1 tu huingia katika rilei. Fundi huiambia rilei, “Ukiona 1, ujue ni 200.”

Namba ya pili ni kipimo cha kuanzia. Tuseme laini yetu ya Lugoba kwa kawaida huchukua ampea 120. Mashine ya mawe inapowashwa, mkondo hupanda kwa sekunde chache hadi 180, kisha hushuka. Hiyo si hitilafu. Ni mashine inaamka. Tukiandika 130, umeme utakatika kila asubuhi kazi inapoanza. Tukiandika 1,000, waya utaungua na mlinzi ametulia. Basi tunaandika 200.

Namba ya tatu ni ya muda. Rilei hii haikati papo hapo. Hupima kwanza ukubwa wa hatari. Hatari ikiwa ndogo, husubiri kidogo. Hatari ikiwa kubwa, hukata upesi. Kwa kipimo tulichoandika, na namba ya muda ikiwa 0.1, mlinzi wetu atafanya hivi:

Mkondo wa ampea 400: atakata baada ya sekunde 1.

Mkondo wa ampea 1,000: atakata baada ya sekunde 0.43.

Mkondo wa ampea 2,000: atakata baada ya sekunde 0.3.

Namba ya mwisho isomeni hivi: sifuri nukta tatu. Ni sehemu tatu za sekunde moja iliyogawanywa kumi. Ukitamka “Lugoba” polepole, muda huo umekwisha pita.

WALINZI KUSUBIRIANA

Kwa nini asikate papo hapo siku zote? Kwa sababu hayuko peke yake. Nyuma yake, katika kituo cha kupoza umeme, yuko mlinzi mwingine anayelinda vijijini kwingi pamoja. Hitilafu ikitokea Lugoba, wote wawili huiona. Wote wakikata kwa pamoja, Lugoba itazima, na vijiji visivyo na kosa vitazima pia.

Basi huwekwa desturi ya kusubiriana. Mlinzi wa karibu hukata kwanza. Yule wa nyuma husubiri, na hukata tu ikiwa mwenzake ameshindwa. Tukimpa wa nyuma kipimo kile kile cha 200, lakini namba ya muda 0.2, atakata hitilafu ya ampea 2,000 baada ya sekunde 0.6 hivi. Toeni 0.3 katika 0.6. Inabaki 0.3. Hiyo ndiyo nafasi yao. Breka yenyewe huchukua kidogo ya nafasi hiyo kujifungua, na iliyobaki ni akiba.

Sasa tazameni namna kosa dogo linavyozaa kosa kubwa. Tuseme ile transfoma ya kupimia iliyofungwa ni ya 400 kwa 1, lakini fundi ameandika 200 kwa 1. Hitilafu ya ampea 2,000 inatokea. Gawanyeni 2,000 kwa 400. Ampea 5 zinaingia katika rilei. Rilei inazidisha 5 kwa 200, kama ilivyoambiwa, nayo inaona 1,000 tu. Kwa hiyo badala ya kukata baada ya 0.3, inasubiri mpaka 0.43. Nafasi iliyokuwa 0.3 sasa imepungua ikawa kama 0.17. Breka ikichelewa hata kidogo, mlinzi wa nyuma naye atakata. Vijiji vyote vitazima, na watu watauliza kosa ni la nani. Kosa ni la namba moja, iliyoandikwa bila kusoma kibao cha chuma kilichobandikwa juu ya transfoma.

Kwa hiyo fundi mzuri hafanyi kazi hii kwa kukumbuka. Husoma kibao na kuandika namba katika karatasi. Mwenzake huzisoma kwa sauti, naye huzihakikisha katika rilei moja moja. Kisha huleta chombo cha kujaribia, huipa rilei mkondo wa mfano, na kupima kama imekata kwa muda uliokusudiwa. Mwisho hutia tarehe na sahihi. Karatasi hiyo huwekwa, maana fundi atakayekuja baada ya miaka 5 hatajua lolote asipoikuta.

MANENO MATATU

Namba zimekwisha. Sasa yanakuja maneno. Rilei za leo haziandikiwi namba tu. Huandikiwa pia masharti, na masharti hayo huunganishwa kwa yale maneno matatu yaliyo ubaoni.

Neno la kwanza ni NA. Neno hili hutaka mambo yote yawe kweli. Neno la pili ni AU. Hili hutosheka na jambo moja. Neno la tatu ni SI. Hili hugeuza: lililo kweli huwa si kweli.

Sharti la kwanza: “Kama mkondo umezidi kipimo NA muda umetimia, kata.” Futeni NA, andikeni AU. Sasa linasema, “Kama mkondo umezidi kipimo AU muda umetimia, kata.” Mlinzi huyu atakata mara tu mkondo ukizidi kipimo, wala hatamsubiri mwenzake. Herufi mbili zimebadilika, na desturi yote ya kusubiriana imevunjika.

Sharti la pili ni la kumlinda mlinzi mwenyewe: “Kama nimeamuru kukata, NA sekunde 0.2 zimepita, NA mkondo bado unapita, iamuru breka ya nyuma ikate.” Maana breka ni chuma, nayo huweza kukwama. Sharti hili humwambia mlinzi asitosheke kwa kutoa amri tu. Atazame kama amri imefuatwa.

Sharti la tatu ndilo nataka mlikumbuke zaidi. Hitilafu nyingi za laini za juu hupita zenyewe. Tawi hugusa waya, kisha huanguka chini. Kwa hiyo rilei nyingi huandikiwa kurudisha umeme zenyewe baada ya sekunde chache. Sharti huwa hivi: “Kama breka imekata kwa sababu ya hitilafu, NA sekunde 5 zimepita, NA SI wakati wa fundi kufanya kazi juu ya laini, rudisha umeme mara moja.” Fundi anapokwenda kupanda nguzo, swichi hugeuzwa kituoni, na rilei hujua kwamba huu ni wakati wake.

Sasa futeni lile neno SI, msome tena. “NA wakati wa fundi kufanya kazi juu ya laini, rudisha umeme.” Mmeona? Mlinzi atarudisha umeme wakati ule ule fundi yuko juu. Mke wake anamngoja na chakula, watoto wanamngoja, na neno moja la herufi mbili halikuandikwa.

Ndiyo maana fundi mwenye busara hamwachii mlinzi maisha yake. Hukata laini mwenyewe, hutia kufuli na kibao cha onyo, hupima kama kweli haina umeme, kisha huiunganisha laini na ardhi kabla ya kuigusa. Rilei ni msaidizi wake. Uhai wake yeye mwenyewe ndiye mwenye dhamana nao.

KIPIMO HUZEEKA

Kipimo kilicho sawa leo chaweza kuwa kibaya kesho. Ni kama shati la mtoto. Shati halikubadilika, bali mtoto amekua.

Tarehe 9 Novemba mwaka 1965, saa 11 na dakika 16 jioni, rilei moja katika kituo cha Sir Adam Beck nchini Kanada, karibu na maporomoko ya Niagara, ilikata laini moja kati ya tano. Laini hiyo haikuwa na hitilafu. Kipimo cha rilei kilikuwa chini, na matumizi ya watu yalikuwa yameongezeka mpaka yakakifikia. Mzigo wa laini ile ulihamia katika nne zilizobaki, nazo zikalemewa zikakata. Umeme uliokosa njia ukafurika upande wa Marekani. Watu milioni 30 hivi walikosa umeme, na mji wa New York ukawa gizani. Mahali pengine giza lilidumu hata saa 13. Mlinzi hakuasi. Alitii namba aliyopewa, lakini namba ilikuwa imepitwa na wakati.

Mzigo kuhama namna hiyo hutokea hata kwetu Afrika ya Mashariki. Tarehe 6 Septemba mwaka 2024, nchini Kenya, laini ya kilovolti 220 itokayo Loiyangalani ilikata katika kituo cha Suswa, ikiwa imebeba megawati 288 za umeme wa upepo. Mara laini itokayo Ethiopia nayo ikakata, ikiwa imebeba megawati 200. Jumlisheni: megawati 488 zilipotea kwa mara moja, na sehemu kubwa ya nchi ikazima. Sisemi kwamba hapo kipimo kilikosewa. Nasema kwamba laini moja ikitua mzigo wake, wengine hulazimika kuubeba, na vipimo vya walinzi wote lazima viwe vimepangwa kwa siku kama hiyo.

Kwa hiyo Lugoba ikiongeza mashine ya pili ya kuvunja mawe, haitoshi kuvuta waya tu. Lazima mtu aitafute ile karatasi, aipige hesabu upya, na kuandika namba mpya na tarehe mpya.

MLINZI ASIPOONA

Sasa nasema na wewe usiye fundi, maana jambo hili linakuhusu wewe na watoto wako.

Mlinzi anaona mkondo tu. Waya ukianguka juu ya udongo wenye maji, mkondo mwingi huingia ardhini, naye hukata. Lakini waya ukianguka juu ya mwamba mkavu, au mchanga mkavu, au majani makavu ya kiangazi, mkondo unaoingia ardhini huwa mdogo sana. Kama kipimo cha ardhini ni ampea 20, na zinazopita ni 5, mlinzi hasemi neno. Kwake yeye mambo ni salama. Waya umelala kimya juu ya jiwe, hautoi cheche, na bado una msongo wa kilovolti 33. Pale Lugoba mawe si haba. Fikirini wenyewe.

Na hata kama mlinzi amekata, kumbukeni sharti la tatu. Baada ya sekunde chache aweza kurudisha. Waya uliokufa sasa hivi huweza kufufuka mguu wako ukiwa njiani.

Basi shikeni mambo haya manne:

1. Waya ulioanguka, usiuguse, wala usiusogeze kwa fimbo.

2. Kaa mbali, hatua ishirini kwa uchache, na uwazuie watoto na mifugo.

3. Ukijikuta karibu nao, usikimbie. Rudi nyuma kwa hatua ndogo ndogo, nyayo zisiachane, maana ardhi yenyewe huwa na umeme.

4. Wapigie simu TANESCO, na uweke mtu wa kuwaonya wapitao mpaka mafundi wafike.

Namba ya simu ya dharura ya TANESCO iandikwe kwa herufi kubwa ukutani mwa darasa hili. Kila mmoja wenu ainakili katika daftari lake. Namba iliyo kichwani hupotea siku ya hofu. Iliyoandikwa hubaki.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Rilei ni nini? Kwa nini tunaifananisha na mlinzi?

2. Transfoma ya kupimia ni ya 200 kwa 1. Ampea 600 zikipita katika waya, ni ampea ngapi zitaingia katika rilei?

3. Kwa nini mlinzi wa nyuma hupewa muda mrefu kuliko mlinzi wa mbele?

4. Soma: “Kama tangi limejaa AU kisima kimekauka, zima pampu.” Badili AU uweke NA. Kutatokea nini tangi likijaa na kisima bado kina maji?

5. Waya umeanguka juu ya mwamba, wala hautoi cheche. Jirani yako anasema umekufa. Utamjibu nini?

KAZI YA NYUMBANI

Kila mtu aandike sharti moja la nyumbani kwake au shambani kwake, akitumia NA, AU na SI. Kisha mwenzake alisome kwa sauti, na kutafuta kama liko kosa. Msione haya kusahihishana. Hata mafundi wa umeme hufanya hivyo hivyo.

Haya ndugu zangu, saa yetu imekwisha. Kwaherini, mpaka somo lijalo.